HEDHI SI UGONJWA: MWANAMKE MFANYAKAZI NA UWANJA WA MICHEZO



Katika toleo hili tunapenda kueleza jambo ambalo kwa kawaida husemwa kwa minong'ono, na mara nyingi halisemwi kabisa. Jambo lenyewe ni hedhi. Swali ambalo akina mama na akina dada wanatuuliza kila timu za Mei Mosi zinapoanza kuundwa ni hili: je, mwanamke aliye mwezini anaweza kucheza mpira, kukimbia na kuvuta kamba pamoja na wenzake, au akae pembeni mpaka siku zake ziishe?

Jibu letu ni fupi. Akitaka kucheza, acheze. Hedhi si ugonjwa, wala si aibu. Kinachomtoa mwanamke uwanjani mara nyingi ni mambo manne: maumivu yasiyotunzwa, lishe duni, ukosefu wa kitambaa safi, na ukosefu wa choo na maji. Mambo haya yote yana dawa yake, na baadhi yake ni madai halali ya mfanyakazi mbele ya mwajiri. Tutayaeleza moja baada ya jingine.

Tunawaomba wanaume wasiupite ukurasa huu. Makocha wengi, makapitao wengi na makatibu wengi wa matawi ni wanaume. Wao ndio wanaopanga ratiba, wanaochagua rangi ya jezi, na wanaoamua nani apate ruhusa ya kwenda chooni. Mtu hawezi kuamua vizuri juu ya jambo asilolijua.

HEDHI NI NINI

Kila mwezi mji wa mimba wa mwanamke hujitayarisha kupokea mimba. Ukuta wake wa ndani hunenepa na kujaa damu. Mimba isipotunga, ukuta ule humomonyoka na kutoka nje pamoja na damu. Hiyo ndiyo hedhi. Si uchafu unaotolewa mwilini, na si damu mbaya.

Kuanzia siku ya kwanza ya hedhi moja mpaka siku ya kwanza ya hedhi inayofuata ni siku 28 kwa wastani, lakini kwa mwanamke mzima siku 21 hadi 35 ni hali ya kawaida. Damu hutoka kwa siku 2 hadi 7. Wengi hudhani inayotoka ni damu nyingi sana. Kwa wanawake wengi, damu yote ya hedhi moja ni mililita 30 hadi 40, yaani vijiko viwili au vitatu vya mezani. Ikizidi mililita 80 ndipo huhesabiwa kuwa ni nyingi kupita kiasi.

Sasa tufanye hesabu ya darasa la nne. Mwanamke akitoka damu siku 5 katika kila siku 28, maana yake siku yoyote ile karibu mwanamke mmoja kati ya sita yumo mwezini. Katika timu ya mpira wa miguu yenye wachezaji 11, hao ni wawili. Katika timu ya mpira wa pete yenye wachezaji 7, ni mmoja. Kocha anayesema katika timu yake hakuna mchezaji aliye mwezini, asifikiri hawapo. Hawamwambii tu.

Hapa Malawi tunazo timu za wanawake ambazo taifa zima linajivunia. Timu ya mpira wa pete, Queens, ilishika nafasi ya 5 duniani mwaka 2007. Timu ya mpira wa miguu, Scorchers, ilitwaa kombe la COSAFA la wanawake nchini Afrika Kusini mwaka 2023 kwa kuifunga Zambia mabao 2 kwa 1. Temwa Chawinga, mzaliwa wa Rumphi, mwaka 2024 alifunga mabao 20 katika ligi ya wanawake ya Marekani, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi hiyo. Ligi na mashindano hayasimami kusubiri siku za mtu ziishe. Kama hedhi ingekuwa inamzuia mwanamke kucheza, timu hizi zisingekuwepo.

YASEMWAYO NA UKWELI

Sisi tunaosoma kurasa hizi za Kiswahili tumetoka sehemu mbalimbali: Kivu na Katanga, Burundi, Rwanda na kwingineko. Wengi wetu tumefika Malawi kwa kupitia Dzaleka, wilayani Dowa. Kila mmoja amekuja na mila za kwao, na hapa tumewakuta Wachewa na mila zao, kama ile ya mdulo inayomkataza mwanamke aliye mwezini asitie chumvi kwenye mboga. Hatukuja kuzitukana mila za mtu. Lakini inapokuja habari ya afya ya mfanyakazi, ni wajibu wetu kusema lile linalojulikana.

Wapo wasemao kwamba mwanamke akikimbia wakati wa hedhi, damu hupanda juu au hukwama ndani. Si kweli. Damu ya hedhi haina njia ya kupanda kichwani.

Wapo wasemao kwamba mazoezi huongeza damu. Mwanamke akiinuka na kuanza kukimbia, damu iliyokuwa imetulia ndani huteremka, akaiona kwa wingi kwa wakati mmoja. Si kwamba jeraha limefunguka. Ni damu ile ile ambayo ingetoka baadaye.

Wapo wasemao kwamba msichana anayecheza mpira akiwa mwezini atakuwa tasa. Hakuna ushahidi wowote wa jambo hilo.

Imani za namna hii hazikuwa za Afrika peke yake. Katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1928 huko Amsterdam, wanawake walikimbia mita 800 kwa mara ya kwanza. Wakubwa wa michezo wakasema mbio hizo ni ndefu mno kwa mwili wa mwanamke, wakaziondoa. Hazikurudishwa mpaka mwaka 1960. Mbio za marathoni za wanawake ziliingizwa katika Olimpiki mwaka 1984 tu. Kisha mwaka 2001, mjini Chicago, Catherine Ndereba wa Kenya alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47, muda ambao hakuna mwanamke aliyekuwa ameufikia. Mwaka uliofuata, katika mji ule ule, Paula Radcliffe wa Uingereza aliivunja rekodi hiyo kwa saa 2, dakika 17 na sekunde 18. Baadaye Radcliffe mwenyewe alisema hadharani kwamba siku ile alikuwa na maumivu ya hedhi njiani. Ukweli ukakutana na imani ya miaka mingi, na imani ikashindwa.

KWA NINI TUMBO LINAUMA

Mji wa mimba ni msuli. Wakati wa hedhi hujikamua ili kuusukuma nje ule ukuta uliomomonyoka. Kinachouamuru ujikamue ni kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizo zikiwa nyingi, msuli hubana kwa nguvu, damu hupita ndani yake kwa shida, na mwanamke huumwa tumbo, kiuno na hata mapaja. Wengine huharisha au kutapika. Hivyo maumivu haya yana chanzo chake mwilini. Anayeumwa hajisingizii, na asiitwe mvivu.

Mazoezi husaidia namna gani? Mwili unapotembea na kujinyoosha, damu huzunguka vizuri zaidi, na mwili hutengeneza dawa yake yenyewe ya kutuliza maumivu. Mwaka 2019 ulichapishwa uchunguzi uliokusanya majaribio ya nchi mbalimbali juu ya jambo hili. Ulionyesha kwamba wanawake waliofanya mazoezi dakika 45 hadi 60 kila mara, mara tatu kwa wiki au zaidi, walipungukiwa maumivu ya hedhi kwa kiasi cha kuonekana. Haikuwa lazima mazoezi yawe makali. Kutembea kwa haraka, kunyoosha viungo na kucheza ngoma ni mazoezi. Jambo la kushika ni kwamba faida huja kwa anayefanya mwezi mzima, wiki kwa wiki. Anayengoja siku ya maumivu ndipo aanze hatapata faida ile ile.

Pamoja na mazoezi, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa na kuwekwa tumboni husaidia. Vidonge vya ibuprofeni hupunguza zile prostaglandini. Vimezwe baada ya kula, na asivitumie mwenye vidonda vya tumbo wala mjamzito. Ni vizuri kumuuliza mganga wa zahanati kwanza.

KAZI NGUMU SI MAZOEZI

Hapa atainuka mwanachama mchuma chai au mkata tumbaku aseme: mimi nabeba kapu tangu alfajiri, mazoezi ya nini tena? Swali hilo ni la haki.

Kazi ya shambani na kiwandani huutumia mwili upande mmoja. Mgongo umeinama saa nane, au miguu imesimama mahali pamoja mbele ya mashine, na mapumziko anayapanga mtu mwingine. Mazoezi huyapanga mwenyewe. Unanyoosha kile ambacho kazi imekikunja, na ukichoka unapumzika. Kwa mwanamke aliyebeba mzigo kutwa, mazoezi yanayomfaa ni kunyoosha mgongo na nyonga kwa dakika chache, na kutembea bila mzigo. Asilazimishwe kukimbia jioni ati kwa kuwa timu ya tawi inahitaji ushindi.

Basi shika kanuni hii: asizuiwe, wala asilazimishwe. Mwenye kujua hali ya mwili wake siku ile ni yeye mwenyewe.

CHAKULA NA DAMU

Damu inapotoka, madini ya chuma hutoka pamoja nayo. Yasiporudishwa kwa chakula, mwanamke hupungukiwa damu: anahema akipanda kilima kidogo, anaona kizunguzungu, moyo unamdunda. Malaria na minyoo huzidisha upungufu huo. Mchezaji mwenye hali hiyo hahitaji kupigiwa kelele na kocha. Anahitaji kupimwa damu.

Chuma hupatikana katika maini, nyama, usipa na dagaa wengine, maharage, mchicha na majani ya maboga. Ndimu, papai au embe pamoja na chakula huusaidia mwili kukipokea chuma cha mboga. Kinyume chake, chai hukizuia. Wenzetu wa mashamba ya Thyolo na Mulanje wanaoishi kwa chai wasikilize vizuri: usinywe chai pamoja na chakula. Ngoja kama saa nzima baada ya kula.

Liko jambo zito zaidi. Mwanamke akifanya kazi nyingi au mazoezi mengi huku anakula kidogo, mwili hubana matumizi kama nyumba iliyoishiwa unga. Kitu kimojawapo kinachosimamishwa ni hedhi. Wengine hufurahi wakidhani wamepumzika, lakini ni hatari: mifupa hudhoofika na huvunjika kirahisi. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hiyo jina rasmi ili makocha wa dunia nzima waijue. Nasi tuijue, kwa sababu haiwapati wakimbiaji wa Olimpiki peke yao. Katika Dzaleka, ambako mgao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa kwa ukosefu wa fedha, na katika mashamba ambako mshahara hauufikishi unga mwisho wa mwezi, mwanamke aliyekosa hedhi miezi mitatu naye hana mimba aende zahanati. Timu ya tawi ikiandaa mazoezi, iandae na uji.

KITAMBAA, CHOO NA MAJI

Kambi ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa Kamuzu Banda. Iko kati ya kilomita 40 na 50 kutoka Lilongwe. Ilikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000, na leo wamo zaidi ya 50,000. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa mijini warudi kambini, na msongamano ukaongezeka. Mahali penye watu wengi hivyo, bomba la maji na choo chenye mlango ni vitu vya kugombaniwa. Msichana hawezi kwenda uwanjani kwa amani kama hajui atabadilisha wapi kitambaa chake.

Kitambaa au pedi ibadilishwe kila baada ya saa 4 hadi 6, na mapema zaidi kama imelowa. Abadilishe kabla ya mchezo na baada ya mchezo. Kitambaa cha kufua ni kizuri na ni cha bei nafuu, ila kifuliwe kwa sabuni na maji safi, na kianikwe juani mpaka kikauke kabisa. Wengi huficha vitambaa chini ya godoro kwa kuona haya. Kitambaa kisichokauka huleta harufu na miwasho. Kama ni haya, funika kwa kitenge chepesi, lakini kiwe juani.

Dzaleka ina mafundi cherehani wengi hodari. Pedi ya kufua haimshindi fundi yeyote: tabaka kadhaa za pamba inayonyonya, chini yake kitambaa kisichopitisha maji, na mabawa mawili ya kufungia kwenye chupi kwa kifungo. Mabawa hayo ndiyo muhimu kwa mchezaji, maana huzuia pedi isihame wakati wa kukimbia. Ndani ya kaptura, avae nguo ya kubana ili mapaja yasichubuke.

RANGI YA JEZI

Wazee wa hapa wanaikumbuka sheria ya mavazi ya mwaka 1973, iliyomkataza mwanamke kuvaa suruali au sketi fupi hadharani. Iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Leo mwanamke anacheza kwa kaptura na hakuna askari wa kumkamata. Lakini bado timu nyingi zinanunua kaptura nyeupe, kisha zinashangaa kwa nini wachezaji hawaji.

Hata wakubwa wa dunia wamelazimika kusikia. Mashindano ya tenisi ya Wimbledon, yanayoshika mno mila ya mavazi meupe, tangu mwaka 2023 yanawaruhusu wanawake kuvaa kaptura ya ndani yenye rangi ya giza. Mwaka huo huo timu ya taifa ya wanawake ya Uingereza iliacha kaptura nyeupe, ikavaa za bluu. Kwa tawi letu jambo hili halina gharama yoyote: kaptura nyeusi hununuliwa kwa bei ile ile ya nyeupe.

MEZA YA MWAJIRI NA CAPITAL HILL

Ndugu, yapo mambo ambayo mwanamke hawezi kuyamaliza peke yake kwa sabuni na kitambaa. Hayo ni ya chama.

Sheria ya Malawi ya mwaka 1997 ya usalama, afya na ustawi kazini inahusu pia vyoo na maji ya kunawa. Choo chenye mlango, komeo, maji na pipa la taka si zawadi ya mwajiri. Na choo bila ruhusa ya kwenda chooni ni kama zahanati iliyofungwa. Haya yaingie katika mkataba wa hali bora za kazi, pamoja na muda wa kwenda chooni bila kukatwa ujira.

Majirani zetu wa Zambia wamepiga hatua. Sheria yao ya ajira ya mwaka 2019 inampa mwanamke haki ya kukosa kazini siku moja kila mwezi bila cheti cha daktari na bila kutoa sababu. Wao huiita Siku ya Mama. Japani ina sheria ya mapumziko ya hedhi tangu mwaka 1947, lakini wanaoitumia ni wachache mno, kwa kuwa wengi huona haya kumwomba msimamizi. Hapo tunajifunza kwamba haki iliyoandikwa bila watu kuzoea kuisema hubaki kwenye karatasi.

Upande wa serikali, wizara ziko Capital Hill, Lilongwe, na barua zetu juu ya bei ya pedi, vyoo vya shule na viwanja zielekezwe huko. Tukidai, tudai kwa akili. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi mwaka 2004, na mwaka 2017 ikapitisha sheria ya kuwapa wasichana wa shule za serikali pedi bure. Tanzania iliondoa kodi hiyo mwaka 2018, lakini mwaka 2019 ikairudisha, serikali ikisema bei dukani haikushuka. Faida ilibaki kwa wafanyabiashara. Kwa hiyo kufuta kodi bila kuisimamia bei hakumfikii mnunuzi.

WAJIBU WETU TAWINI

Kila tawi lenye timu ya wanawake lifanye haya:

1. Kamati ya wanawake imchague mwanamke mmoja ambaye mchezaji anaweza kumweleza hali yake bila kupitia kwa kocha.
2. Sanduku la huduma ya kwanza liwe na pedi au vitambaa safi, sabuni na nguo ya akiba.
3. Kaptura na sketi za mchezo ziwe za rangi ya giza.
4. Mazoezi yafanyike mahali palipo na choo na maji karibu, na yaishe kabla ya giza.
5. Mchezaji akisema leo hachezi, asiulizwe sababu mbele ya watu. Akisema anacheza, asizuiwe.

Na haya yampeleke mwanamke zahanati bila kuchelewa: kulowanisha pedi nzima kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, damu kupita siku 7, mabonge makubwa ya damu, maumivu yasiyosikia dawa, kuzimia, au damu kutoka katikati ya mwezi au baada ya hedhi kukoma uzeeni. Siku hiyo mchezo usubiri.

Ndugu wanaume, mabinti zetu wanatuangalia. Msichana aliyetolewa uwanjani akiwa na miaka 13 kwa sababu ya tone la damu hujifunza kwamba mwili wake ni kosa, na akifika kiwandani hataweza kumdai kapitao hata ruhusa ya choo. Aliyeachwa acheze atajua kudai. Timu za Mei Mosi zikiitwa, majina ya wanawake yaandikwe yote, na choo cha uwanjani kikaguliwe kabla ya mpira kununuliwa.